Nain: mji mkongwe wa Kiajemi, zulia la juzi. Soma kabla hujatoa pesa

#1 Tamvua

Wakuu, salaam aleikum na habari za humu.

Nauza mazulia Sharjah. Ndugu zetu wa Unguja, Mombasa na Dar wakipita huku kwa biashara hawakosi kuulizia zulia la Kiajemi la kupeleka nyumbani, na siku hizi jina lililo midomoni mwao ni Nain. Dalali keshawajaza maneno: zulia la miaka elfu, mafundi wanarithishana tangu enzi za wafalme wa kale. Nimeona niandike uzi, kwa sababu ukweli wa mji huu ni mzuri kuliko maneno ya dalali. Mji ndio wenye miaka elfu na zaidi. Zulia lake lina miaka mia hivi tu. Watu wa Nain walikuwa mafundi wa kitu kingine kabisa, soko lake likafa, nao wakauhamishia ufundi wao kwenye zulia. Nikimaliza hapo nitaeleza namna ya kulikagua, maana ukishajua lilikotoka unajua pia pa kutazama.

Nain iko mkoa wa Isfahan, kilomita 140 hivi mashariki ya jiji lenyewe la Isfahan, njia ya kwenda Yazd, ukingoni mwa Dasht-e Kavir, lile jangwa kubwa la chumvi katikati ya Iran. Ni mji mdogo, watu hawafiki elfu thelathini. Nilikwenda na tajiri wangu kupokea mzigo. Njia nzima ni milima mikavu na tambarare la rangi ya vumbi, halafu zinaanza kuta za udongo na minara ya kunasa upepo juu ya nyumba. Maji ya mji tangu zamani yanatoka kwenye qanat, mifereji inayochimbwa chini kwa chini kutoka miguuni mwa milima hadi mjini, ili jua lisiyanyonye njiani.

Msikiti wa Ijumaa wa Nain ni wa karne ya 10, na ni katika misikiti mikongwe kabisa ya Iran ambayo bado imesimama na umbo lake la mwanzo. Aliyezoea picha za Isfahan, zile kuba za buluu na vigae vinavyong'aa, hapa havioni. Kuna matofali ya rangi ya mchanga na plasta iliyochongwa, basi. Urembo wote wameukusanya kwenye mihrabu na nguzo zilizo karibu nayo: mizabibu, majani na maua, vimechongwa kwa kina hata kila jani lina kivuli chake. Mimbari ya mbao ina tarehe ya mwaka 711 Hijria, yaani 1311. Chini ya msikiti kuna ukumbi wa kuswalia uliochimbwa ardhini, kimbilio la joto la kiangazi na baridi kali ya jangwa. Hauna madirisha. Kwenye sakafu ya ua wamelaza mabamba ya jiwe jeupe linalopitisha mwanga, na mwanga huo ndio unaoshuka chini. Niliposhuka nilianza kutafuta taa ziko wapi.

Karibu na hapo kuna magofu ya Narin Qaleh, ngome ya matofali mabichi ambayo asili yake inahesabiwa kuwa ya kabla ya Uislamu. Mvua na upepo vimeila, imebaki kama kichuguu kikubwa katikati ya mji. Soko la zamani lenye paa la kuba lipo pia, ila maduka mengi yamefungwa, biashara imehamia barabara kuu. Na wapenda siasa wajue kwamba Mirza Nasrullah Khan, waziri mkuu wa kwanza wa Iran chini ya katiba ya 1906, alikuwa mtu wa Nain. Ukoo wake ndio ule wa Pirnia. Mkabala na msikiti iko nyumba ya Pirnia, ya zama za wafalme wa Safavid, leo ni makumbusho.

Nakunywa chai, nitarudi na habari ya sufu.

#2 Mjukuu wa Kizimkazi

Mkuu Tamvua, shukrani. Swali langu liko pembeni kidogo ya zulia. Sisi wa Unguja kusini tumekua tukiambiwa asili yetu ni Shirazi. Msikiti wetu wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Huo wa Nain umesema karne ya 10. Zama zinakaribiana. Inawezekana mafundi walitoka huko?

#3 Tamvua

Ndugu yangu, kwa Nain sina la kukupa. Ule ni mji wa bara, wa misafara ya ngamia, bahari iko mbali sana nao. Waajemi waliofanya biashara na pwani yetu walipitia bandari za Ghuba, na kubwa ya zama hizo ilikuwa Siraf. Shirazi ilitajwa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mji mkuu wa Fars, jimbo la nyuma ya bandari hizo.

Ila hoja ya wazee wako si ya kupuuza. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya mifupa ya makaburi ya zamani ya pwani, Kilwa na Mtwapa zikiwemo. Kwa wengi waliopimwa walikuta asili ya Kiafrika, zaidi kwa upande wa akina mama, imechanganyika na asili ya Kiajemi, zaidi kwa upande wa akina baba, na uchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Hiyo inastahili uzi wake, uanzishe nami nitakuja.

#4 Tamvua

Haya, sufu.

Kabla ya zulia, Nain ilikuwa mji wa mabushuti. Mohammadiyeh, kijiji ambacho sasa kimeshikana na mji, kilikuwa na vyumba vilivyochimbwa ardhini, na humo ndani ndimo vilimokaa vitanda vya mfumi. Chini ya ardhi joto halipandi wala halishuki sana, na hewa haikauki kama ya juu, kwa hiyo uzi haukatikikatiki. Walifuma kitambaa cha sufu ya kondoo na ya ngamia, chepesi, kwa ajili ya majoho ya mashekhe na watu wenye hadhi. Sehemu kubwa iliuzwa nje ya mji.

Ili kitambaa cha bushuti kiwe chepesi lazima uzi uwe mwembamba na usokotwe sawasawa mwanzo mpaka mwisho. Huo ndio ufundi waliokuwa nao: kuchagua sufu, kuichambua, kuisokota nyembamba bila vinundu. Zulia bado.

Desemba 1928 serikali ya Reza Shah ikapitisha sheria ya mavazi. Wanaume wa Iran wakaamriwa suti ya kizungu na kofia ya Pahlavi, wakaachwa mashekhe waliotambuliwa na serikali na makundi machache. Hata kabla ya sheria, vitambaa vya viwandani kutoka Ulaya vilikuwa vimeshaanza kuwabana wafumaji. Mji mzima ukabaki na mikono iliyojua sufu nyembamba na wateja waliopungua ghafla.

Isfahan iko jirani, na Isfahan ina michoro ya mazulia tangu zama za Safavid. Watu wa Nain wakachukua michoro hiyo: nakshi za islimi zinazojisokota, maua ya Shah Abbasi, nyota kubwa ya katikati, na ule mchoro wanaouita gonbad unaofuata dari ya kuba ya msikiti wa Sheikh Lotfollah wa Isfahan. Wakaifuma kwa uzi wao mwembamba. Kwa kuwa uzi ni mwembamba, fundo linakuwa dogo. Kwa kuwa fundo ni dogo, mchoro unapinda vizuri, jani linakuwa jani kweli bila pembe za ngazi. Ndiyo maana zulia la Nain lilipotokea lilipanda daraja la juu mara moja, halikuhitaji karne tatu za kujifunza. Karne zile zilikuwa zimeshalipwa na bushuti.

Jina linalotajwa zaidi katika mafundi wa mwanzo ni Fathollah Habibian. Zulia lake la kweli leo ni mali ya wakusanyaji, si la kutandika ukumbini ukapiga nalo soga. Jina lake limeghushiwa mno pia. Ukiona "Habibian" imefumwa ukingoni mwa zulia la bei rahisi, lipite.

#5 Bi Mwanakheri, Muscat

Tamvua mwanangu, Mungu akuzidishie. Mie mtoto wa Unguja niliyezeekea Oman, marehemu mume wangu alikuwa na bushuti la sufu ya ngamia, jepesi ukilikunja linaingia mfukoni. Sijawahi kumsikia akitaja Nain, lakini namkumbuka alivyokuwa akiligeuza upande wa ndani kulitazama mshono kabla ya kulipa. Sasa niambie, hao wa Mohammadiyeh bado wanafuma, au ndiyo basi?

#6 Tamvua

Shikamoo bibi. Wapo, wachache. Nimeingia kwenye chumba kimoja. Unashuka ngazi za udongo, ukishazoea giza unamwona mzee amekaa pembeni ya shimo la miguu, anakanyaga, anarusha mshindio kushoto kulia. Mteja mkuu bado ni shekhe. Na huko kulitazama kitu kwa upande wa ndani alikokuwa akifanya marehemu, Mungu amrehemu, ndiko nitakakowafundisha wateja wote hapa.

#7 Tamvua

Sasa somo lenyewe. Wauzaji watawaambia "hili ni 6 la," "hili ni 9 la". "La" ni neno la Kiajemi, maana yake tabaka, na hiyo hesabu ni ya uzi wa mtande, yaani zile nyuzi za urefu zinazotandwa kwanza kitandani. Zulia la Nain mtande wake kwa kawaida ni pamba, na zile za hali ya juu sana ni hariri. Kila uzi wa mtande umesokotwa kwa nyuzi ndogo kadhaa. Zikiwa nyingi, mtande ni mnene, fundo linakuwa kubwa, zulia ni la kawaida. Zikiwa chache, mtande ni mwembamba na fundo ni dogo. Kwa hiyo namba ikishuka, thamani inapanda. Watu wengi wanalielewa kinyume, na wapo wanaouziwa 12 la wakidhani wamepata mara mbili ya 6.

Hesabu mwenyewe, usingoje kuambiwa. Chukua uzi mmoja wa tamvua, mmoja tu, ushike kwa vidole viwili, uuzungushe kinyume cha msokoto wake. Utafunguka vipande vitatu. Chukua kipande kimoja, kizungushe tena kinyume. Kikifunguka nyuzi tatu ndogo, tatu mara tatu, hiyo ni 9. Kila kipande kikiwa na mbili, ni 6. Uzi ukifunguka vipande vinne vya nyuzi tatu tatu, ni 12. Ukikuta viwili vya nyuzi mbili mbili, hiyo ni 4, keti chini, omba chai, maana kitu kama hicho hakikaguliwi kwa haraka.

Fundo la Nain ni la Kiajemi: uzi wa sufu unauzunguka uzi mmoja wa mtande na kupita nyuma ya wa pili, basi. Fundo la Kituruki huzizunguka nyuzi zote mbili. Mfumaji wa Nain anafunga kwa vidole, anavuta chini, anakata kwa kisu. Tabriz wanatumia ndoano. Akimaliza mstari anapitisha mshindio na kuugonga kwa kitana kizito cha chuma hadi ukae. Halafu mstari mwingine.

Tufanye hesabu tuone kazi hiyo ni nini. Chukulia zulia la 9 la lenye mafundo 500,000 kwa mita ya mraba, ukubwa mita 2 kwa 3. Hayo ni mafundo 3,000,000. Mfumaji mzuri tumpe 8,000 kwa siku. Akiwa peke yake ni siku 375 za kazi. Wakiwa wawili bega kwa bega ni zaidi ya nusu mwaka, na hapo sijagusa kuchora, kupaka rangi, kutanda, kukata manyoya yalingane wala kuosha. Mtu akikuletea zulia la ukubwa huo la mkono kwa bei ya godoro, hesabu hii ikumbuke.

#8 Mama Arafa

Kaka Tamvua, uzi wako nimeusoma nikiwa dukani Kariakoo, nauza mapazia na mazulia ya mashine ya Kituruki. Sifichi, kwenye mzigo wangu yapo yenye michoro hiyo hiyo uliyoitaja, maua na nyota ya katikati, rangi ya maziwa na buluu. Mteja akija na zulia lake la kurithi akaniuliza kama ni la mkono, nimjibuje bila kumdanganya?

#9 Tamvua

Dada yangu, hilo swali wangeuliza wauzaji wote tungelala usingizi mzuri. Mambo ya kutazama:

Ligeuze. Zulia la mkono, mgongo wake unasomeka sawa na uso wake, kila fundo linaonekana, na mistari haikunyooka kama ya rula. Pale mfumaji alipokaza zaidi na alipolegea utaona. La mashine mgongo wake umenyooka wote, mara nyingi una gundi au kitambaa kilichobandikwa.

Tazama tamvua zinatokea wapi. Kwenye zulia la mkono tamvua ndiyo miisho ya mtande, zinatoka tumboni mwa zulia. Zikiwa zimeshonewa pembeni, ama ni la mashine, ama ni la mkono lililochakaa likatengenezwa. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu la, hakikisha hizo tamvua ni za kwake.

Rangi. Nain ya kawaida imetulia: rangi ya maziwa, buluu ya usiku, buluu ya mbingu, kahawia hafifu. Nyekundu ipo lakini si ndiyo sura yake. Maua yake yanazungushiwa mstari mwembamba mweupe wa hariri, ukiinama upande wa dirisha unameta. Kwenye mazulia dhaifu mstari huo ni hariri bandia. Chomoa kinyuzi, kichome: hariri inanuka kama nywele zilizoungua, ile bandia inanuka kama karatasi. Mwombe mwenye zulia ruhusa kwanza.

Rangi za mimea. Wafumaji wa Iran wametumia nili, mizizi ya runasi kwa nyekundu, maganda ya komamanga na ya jozi. Lakini mazulia mengi ya Nain ya leo yametiwa rangi za viwandani, na zilizotiwa vizuri ni madhubuti, hazichuji wala hazipauki upesi. Sioni aibu ndani yake. Aibu ni kumwambia mteja ni mimea. Lowesha kitambaa cheupe, sugua pembeni, kikibeba rangi liache.

Na kuna wizi wa fundo wanaouita jufti. Badala ya kufunga kwenye nyuzi mbili za mtande, anafunga kwenye nne. Kazi inakwisha nusu ya muda, zulia linakuwa jepesi na linachakaa mapema. Hilo hulioni kwa mbali. Lipasue manyoya kwa kidole, utazame chini, fundo limekaa juu ya nyuzi ngapi.

Jambo jingine: si kila Nain imefumwa Nain. Mtindo ulipopata soko, Tabas, mji wa mitende ng'ambo ya jangwa, uleule uliobomolewa na tetemeko la Septemba 1978, nao uliufuma kwa wingi, hasa 12 la na 9 la. Wauzaji waaminifu wanasema "Nain Tabas". Ni zulia zuri la matumizi, linadumu, mradi ulipie bei yake. Kuna na nakala kutoka India, Pakistan na China.

#10 Hoja Nzito

Tamvua unaandika vizuri lakini mbona hujamtaja anayefuma? Siku 375 za kuinama, nani huyo? Nimewahi kusoma kwamba mazulia laini yanafumwa na watoto kwa sababu ya vidole vidogo. Tunasifia kitu kilichotengenezwa kwa mgongo wa mtoto?

#11 Tamvua

Hoja yako ni ya haki, sitaikwepa.

Watoto walifanyishwa kazi kwenye karakana za mazulia za Iran, na hali ilikuwa mbaya. Karakana za Kerman zilikuwa finyu, zenye unyevu na giza, na watoto wakipinda mifupa kwa kukaa juu ya ubao siku nzima. Shirika la Kazi Duniani, likiwa changa bado, lililalamika, na mwaka 1923 gavana wa Kerman akatoa amri: saa 8 za kazi kwa siku, wavulana wasiotimiza miaka 8 na wasichana wasiotimiza miaka 10 wasiajiriwe. Pima mwenyewe: ikiwa hiyo ndiyo ilikuwa nafuu, kabla yake kulikuwaje. Sheria za baadaye zimepandisha umri, lakini kazi ya nyumbani haina mkaguzi mlangoni.

Kuhusu vidole vidogo, huo ni msemo wa wafanyabiashara waliotaka mshahara mdogo. Mazulia laini zaidi niliyoyashika yamefumwa na wanawake wazima, kwa sababu yanahitaji subira, jicho la kusoma mchoro na nguvu sawa mstari hadi mstari. Nain wafumaji wengi ni wanawake, kitanda kikiwa chumbani kwao. Mwenye mtaji analeta mtande, sufu na mchoro, mama anafuma, analipwa kwa mafundo au kwa kipande. Nyumba moja tuliyokaribishwa, mama alikuwa anafuma huku anajibu maswali yetu, vidole havikusimama, mchoro umebandikwa juu kwenye karatasi ya miraba, kila mraba fundo moja. Alipoinuka kutuletea chai alijishika kiuno akasimama kwanza kabla ya kupiga hatua. Binti yake yuko chuo Isfahan. Nilipomuuliza kama naye atafuma, mama alisema hapana, na hakuwa na huzuni yoyote.

Ndiyo maana nasema mteja ajue kusoma kazi. Anayejua kutofautisha 6 na 12 anaweza kulipa 6 inavyostahili. Asiyejua anamlipa dalali.

#12 Mzigo wa Bandari

Mimi nataka kujua biashara. Kama ni bora hivyo kwa nini mashehena hayaendi? Tunasikia mazulia ya Iran yamejaa kwenye maghala.

#13 Tamvua

Mkuu, soko limevunjika miguu yote miwili. Mguu wa kwanza ni vikwazo. Marekani ilipiga marufuku bidhaa za Iran mwaka 1987. Mazulia yakaruhusiwa 2000, yakafungiwa tena 2010, yakafunguliwa Januari 2016 baada ya makubaliano ya nyuklia, yakafungiwa Agosti 2018. Mfumaji anaanza zulia soko likiwa wazi, analishusha kitandani soko limefungwa. Katikati ya miaka ya 1990 Iran iliuza nje mazulia ya mkono ya dola zaidi ya bilioni 2 kwa mwaka. Baada ya 2018 imeshuka chini ya milioni 100.

Mguu wa pili ni ladha. Ulaya, hasa Ujerumani, ndiyo iliyobeba Nain miaka mingi. Maghala ya Hamburg yalijaa Nain za rangi ya maziwa na buluu kwa sababu nyumba za huko zilizipenda. Kizazi kipya kinataka sakafu ya mbao tupu au zulia lisilo na ua hata moja. Hata Nain yenyewe ilichangia: mahitaji yalipokuwa makubwa zilifumwa nyingi za kawaida, jina likachoka.

Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba leo unaweza kupata 6 la ya miaka ya 1970, safi, kwa pesa ambayo zamani ingekupa 9. Kwa wanaofuma maana yake ni vitanda kufungwa. Mabinti hawaingii, mama wanazeeka, na mkono wa 4 la haujifunzwi kwa kozi ya miezi mitatu. Jambo hili linaniuma kuliko yote niliyoandika humu. Ufundi wa bushuti ulipokosa soko ulipata pa kwenda. Huu wa zulia sijaona bado unapohamia.

#14 Bi Mwanakheri, Muscat

Na misikitini kwao wanatandika haya haya?

#15 Tamvua

La, bibi. Misikiti ya upande ule ilitandikwa zilu, mkeka mzito wa pamba usio na manyoya, buluu na nyeupe, unaotumika pande zote mbili. Mji wa zilu ni Meybod, njia hiyo hiyo ya kwenda Yazd. Zikitolewa wakfu zilifumwa na maandishi: jina la mtoaji, msikiti uliopewa na mwaka. Makumbusho ya Meybod yako kwenye nyumba ya misafara ya zama za Shah Abbas, utaona zilu za karne na karne zenye majina ya watu. Hapo ndipo pa kutafuta ufumaji wa kale kweli, wanaoutaka.

#16 Mama Arafa

Kaka, la mwisho. Mume wangu yuko safarini Dubai mwezi ujao. Sebule yetu ya Mbezi ni mita 4 kwa 5, watoto watatu, joto, unyevunyevu wa bahari. Alete lipi, na tulitunzeje?

#17 Tamvua

Shemeji achukue 9 la, mita 2 kwa 3, sufu kwa mtande wa pamba. 6 la msiiweke watoto wanapomwaga uji, na 12 la itawatosha kama bajeti ni ndogo, haina ubaya. Aombe lenye buluu ya usiku katikati, lile la maziwa litawapa kazi. Alitandaze lote sakafuni dukani, alitazame kutoka pande zote mbili kwa sababu manyoya yamelala upande mmoja na rangi inabadilika ukizunguka, aligeuze, ahesabu la mwenyewe.

Nyumbani adui wenu ni nondo na ukungu. Nondo wanapenda mahali penye giza pasipokanyagwa, chini ya kochi hasa, kwa hiyo kila baada ya miezi michache sogezeni makochi, ligeuzeni, mgongo upigwe hewa kivulini. Likimwagikiwa, kaushia kwa kitambaa cha pamba kwa kugandamiza, msisugue, halafu maji baridi. Msilipeleke kwenye mashine wala msitumie dawa ya kufulia yenye klorini. Kila mwaka lizungusheni, upande wa mlangoni uende dirishani. Mkiliweka stoo, lisafishwe kwanza, likauke kabisa, livingirishwe, lisikunjwe, mlifunge kwa shuka la pamba. Nailoni hapana, kwa unyevu wa Mbezi litaota ukungu ndani ya msimu mmoja.

Akifika Sharjah anitumie picha za mgongo na za tamvua kupitia ujumbe wa faragha humu, kabla hajalipa. Nitamjibu siku hiyo hiyo.